Kibati cha Nne na Kibati cha Tisa

Tarehe 3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limeacha ukorofi. Huku mimi sijambo. Chumba nilichopanga kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo asubuhi najua kumekucha kwa kusikia redio yake tu. Jumapili niliongea na mama. Anasema unamsindikiza hospitali kila siku ya kusafishwa damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kwamba unagombana na manesi kuhusu kiti cha karibu na dirisha. Ahsante sana mjomba. Bila wewe sijui dada yako angefikaje huko.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Umesema habari za kazi huziongei kwenye simu kwa sababu simu ina masikio. Sawa, naandika. Kampuni yetu imepewa kazi na ofisi yenu ya maji. Tunatengeneza wakala wa akili bandia ambaye hapa tunamwita Msaidizi. Yeye ndiye atakayepokea taarifa za mabomba yaliyopasuka na kuwatumia mafundi maagizo kwenye simu zao: nenda mtaa fulani, funga valvu fulani. Usicheke. Huyu Msaidizi hana macho wala miguu. Ana zana tu: ya kusoma malalamiko, ya kutazama ramani ya mabomba, ya kutuma agizo. Kwenye kila zana kuna maelezo mafupi, inafanya nini, itumike lini, isitumike lini, na ikikwama afanyeje. Maelezo hayo nayaandika mimi, na yeye hana kingine cha kumwongoza.

Ni kazi inayoonekana nyepesi. Mwezi uliopita niliandika, "Zana hii hutuma agizo kwa fundi," nikajiona nimemaliza. Kwenye jaribio la mezani Msaidizi akamtuma fundi yuleyule kwenye bomba lilelile mara kumi na moja, kwa sababu sikumwambia kwamba akishatuma mara moja asubiri jibu. Bosi wangu alicheka hadi akafuta machozi. Mimi sikucheka, nilirudi mezani nikaandika upya.

Ramani niliyopewa ina miaka ishirini na sita na valvu kumi na nne. Naomba uniandikie kila valvu inafunga maji ya wapi, na mambo ambayo mtu asiyejua anaweza kuyakosea. Majaribio ya kweli mitaani yanaanza tarehe kumi Mei.

Mpwa wako.


Tarehe 24 Februari

Mama Maswali,

Marahaba mwanangu. Barua yako imefika juzi ikiwa imechanika pembeni. Labda ni panya wa posta, labda si panya. Wewe iangalie hii ikifika kama gundi yake ni moja.

Mama yako hajambo. Kiti cha dirishani tumekipata. Anapungua mwili lakini ulimi uko palepale, jana kaniambia mashati yangu yananuka kutu. Nikamwambia hayo ndiyo manukato ya mtu mwenye kazi. Mashine ile inakunywa maji kama ng'ombe, na mimi kila nikikaa pale naona fahari, kwa sababu najua maji yale yamepita mkononi mwa nani.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza kama mjomba, nikafurahi kwamba mtoto wa dada ana kazi. Mara ya pili kama fundi. Mara ya tatu kama mtu aliyebakiza miezi kumi kustaafu, na hiyo ya tatu haikunipendeza. Nani kakutuma kwangu? Ofisi ina mainjinia wanne wenye viyoyozi, mbona hawakuulizwa wao? Mtu akitaka kukutoa kwenye nyumba huanza kukuuliza funguo zinakaa wapi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wewe nimekubeba mgongoni.

Haya, sikunyimi. Namba moja hadi tatu ni za juu kwenye tangi, usiziguse pamoja. Namba sita inavuja ukiifunga haraka, izungushwe pole pole, mizunguko ishirini na mbili. Namba kumi na moja imekufa tangu zamani, ni pambo tu. Zilizobaki fuata ramani.

Kuhusu namba nne na namba tisa pia fuata ramani.

Mjomba wako, ambaye mafundi wanamwita Spana.


Tarehe 15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Gundi ilikuwa moja, panya hakupita. Mimi nilipata mafua ya wiki nzima, sasa nimepona. Mwambie mama sabuni aliyotuma imefika na asitume tena, huku zipo.

Hakuna aliyenituma kwako. Nilikutaja mwenyewe, na sasa najiuliza kama nilifanya vizuri. Sikuulizi funguo ili nikutoe nyumbani. Nauliza kwa sababu Msaidizi ataamini chochote nitakachomwandikia, na mwisho wa bomba mojawapo amekaa mama yangu.

Valvu nyingine zote kumi na mbili umezieleza ama kwa mizunguko, ama kwa kuvuja, ama kwa kunyamaza. Nne na tisa tu ndizo ulizozitaja kwa namba halafu hukusema kitu. Mtu asiye na neno haandiki sentensi nzima kusema hana neno. Kwa hiyo nikaomba mafaili ya zamani ya ofisi yenu, wakanitumia picha zake, nami nikakaa nayo siku tatu.

Kwenye ramani, namba nne inafunga mtaa wa chini na namba tisa inafunga hospitali. Zote ziko kwenye shimo moja, kila moja na kibati chake cha namba. Miaka kumi na tisa iliyopita bomba lilipasuka mtaa wa chini. Injinia mmoja, nyinyi mlimwita Kalamu kwa sababu alikuwa na kalamu sikioni muda wote, alishuka shimoni bila kukusubiri akafunga valvu aliyoiona ni namba nne. Hospitali ikakosa maji saa nzima. Utetezi wake upo kwenye faili, mstari mmoja: "Kibati kilisomeka nne, naapa." Chini yake kamati imeandika: "Vibati vimekaguliwa na kukutwa mahali pake." Akafukuzwa. Shahidi pekee ulikuwa wewe.

Halafu nikakuta jambo jingine. Mwaka ule ulipokwenda kumzika babu, bomba la mtaa wa chini lilimwaga maji siku nne bila kufungwa. Kwenye kitabu cha zamu mtu kaandika: "Subirini Spana arudi."

Mjomba, kuna nini kwenye lile shimo? Niambie mimi kabla sijamwandikia asiyeweza kushuka kuangalia.

Mpwa wako.


Tarehe 9 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Siku kumi nilikuwa na hasira na wewe, na siku zilizofuata nilikuwa na hasira na mimi.

Hujui adabu. Mtoto wa dada anafukua mafaili ya mjomba wake kama polisi! Mama yako kaniuliza mbona sili, nikasema jino. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuulizwa na mtu aliyesoma kweli nilichoandika na nisichoandika. Mainjinia wanauliza huku wanaangalia saa.

Ijumaa dada aliganda misuli ya mguu akiwa kwenye mashine, nikamkanda. Alilala. Nikatazama lile bomba la plastiki linaloingia ukutani, nikakumbuka maneno yako kwamba mwisho wa bomba amekaa mama yako. Yalinikera maneno hayo kwa sababu ni ya kweli.

Basi sikiliza. Vibati vimepishana. Kilichoandikwa nne kimefungwa kwenye valvu ya hospitali, na kilichoandikwa tisa kwenye ya mtaa wa chini. Mimi nikiambiwa funga nne, huenda kwenye tisa, na maisha yanaendelea. Mafundi wengine hawajui. Nani aliyevipishanisha usiniulize, na lini usiniulize. Umetaka ukweli wa shimo nimekupa, ukweli wa watu achana nao.

Ichome barua hii.

Mjomba wako.


Tarehe 29 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo, na ahsante. Najua ilikugharimu. Hapa nyumbani maji yamekatika tangu juzi, majirani wanamlaani fundi wasiyemjua, nami nanyamaza kama ndugu wa mtuhumiwa.

Nimeshaandika. Nakunakilia ili uone jina lako halimo: "Zana hii humtumia fundi agizo la kufunga au kufungua valvu. Itumie baada ya kuthibitisha mtaa ulioathirika. Usitume agizo la pili kabla ya kupata jibu la agizo la kwanza. Tahadhari: katika shimo la valvu nne na tisa, vibati vimepishana na ramani. Ukitaka kufunga mtaa wa chini, agiza fundi afunge valvu yenye kibati tisa. Usiagize kibati nne kifungwe kwa sababu yoyote. Hiyo ni hospitali."

Bosi wangu aliuliza nimejuaje. Nikasema kuna mtu wa huko ardhini ameniambia. Akaniangalia kidogo, akaendelea na chai yake. Nilitaka kuongeza mstari mmoja, kwamba kabla ya kufunga shimoni pale fundi akupigie wewe kwanza. Nikaufuta. Ungewafanya waulize kwa nini wewe.

Nina swali moja, nalo silisemi ili kukuudhi. Kamati ilikuta vibati mahali pake. Wewe unasema vimepishana. Basi vilipishana baada ya Kalamu kufukuzwa? Na kama ni baada, yeye alikosea nini? Nimejaribu kulala na hesabu hii imekataa kukaa. Njia ya mwongo ni fupi, mjomba, na mimi sitaki kukukuta mwisho wake.

Barua yako sijaichoma. Tafadhali usiguse chochote shimoni. Acha kila kitu kilivyo.

Mpwa wako.


Tarehe 2 Mei

Mpwa wangu,

Hujajibu bado, au umejibu na barua iko mfukoni mwa mtu. Sisi wazima. Dada ameanza kula vizuri na amerudia kunitania kuhusu mashati.

Nakuandikia nikiwa mwepesi. Nimeona si haki wewe uanze kazi yako na ramani moja na ardhi nyingine. Jana mchana, jua kali, sikukuu, ofisi imefungwa, nilishuka shimoni na spana na chupa ya mafuta. Parafujo nne. Nimevirudisha vibati mahali pake. Nne ni mtaa wa chini, tisa ni hospitali, kama alivyochora aliyechora. Nilipotoka juu goti halikuuma, wallahi.

Kwa hiyo ile habari ya kupishana isahau. Andika kama ramani inavyosema, kitu safi, kusiwe na wa kuuliza. Simu sikupiga kwa sababu unazijua simu.

Mjomba wako.


Tarehe 15 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii naituma kwa basi, posta siiwezi tena.

Nimekupigia mara sita, hukupokea. Mama alinipigia mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini alinieleza kwa mpangilio, unajua alivyo. Jumatano bomba likapasuka mtaa wa chini. Msaidizi alithibitisha mtaa, akasoma maelezo yangu, akafanya nilichomwambia. Fundi mpya akapata agizo: funga valvu yenye kibati tisa. Akafunga. Tangi la akiba la hospitali halikumaliza dakika ishirini. Mashine zote zikaanza kulia. Watu kumi na mmoja wakachomolewa kabla ya wakati, manesi wakirudisha damu kwa mkono, mama akiwa saa ya pili. Alibaki na maji mwilini hadi kesho yake, amevimba uso, hapumui vizuri akilala. Anasema ameshapata nafuu. Ndivyo anavyosema siku zote.

Barua yako ya tarehe mbili nimeipokea jana.

Bosi amenisimamisha. Tarehe thelathini kamati inakaa. Wameshatuma mtu shimoni, na leo wamenisomea taarifa yake: "Vibati vimekaguliwa na kukutwa mahali pake." Neno kwa neno, mjomba. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya watu watatu, na nilichoweza kusema ni kwamba nimeambiwa vimepishana. Wakauliza na nani. Jina lako sikulitaja.

Kosa langu nalijua. Nilijua jambo la hatari, nikaliandika nusu ili kukuficha wewe. Nilifuta mstari ambao ungemfanya fundi akupigie. Hilo nitalibeba mwenyewe, silisukumi kwa mtu.

Lakini naomba unijibu hili bila methali na bila mzaha. Ulichomfanyia Kalamu sasa nimekielewa. Vibati vinapishana, mtu anafunga, kisha vinakuwa mahali pake. Na mimi vimepishana, nimeandika, kisha vimekuwa mahali pake. Nakaa kwenye kitanda changu naona mkono mmoja. Barua zako zote ziko mezani kwangu na sijazionyesha kwa mtu.

Ulikusudia?


Tarehe 22 Mei

Mpwa wangu,

Simu nilikuwa naiona ikilia. Niliogopa sauti yako. Barua yako ya tarehe ishirini na tisa, ile ya kuniambia nisiguse kitu, ilifika Alhamisi, siku moja baada ya yote. Na mimi ndiye niliyekataa simu.

Umeuliza nilikusudia. Hapana. Mara hii sikukusudia. Mara ya kwanza nilikusudia.

Kalamu alikuwa hodari wa kazi, na hicho ndicho kilichoniuma. Alileta mpango wa kumfundisha kila fundi kila valvu. Mimi sina cheti, nina shimo kichwani tu, nikaona nikishamwaga nilichonacho nitabaki debe tupu. Nikavipishanisha vile viwili kwa sababu vilikuwa jirani. Nilidhani atafunga, maji yakatike dakika tano, atahayari, aniite. Hakuniita. Alisimama na kile kibati akikiamini saa nzima. Kabla kamati haijaja nikavirudisha. Walipouliza, Kalamu alinitazama mimi, hakuwatazama wao. Nikasema alisoma ramani vibaya. Walipoondoka nikavipishanisha tena, ili asije mwingine. Ndiyo hesabu yako iliyokataa kukaa.

Mwezi huu nilidhani nikivirudisha kimyakimya nitakuwa nimeifuta dhambi ile. Sikukuuliza umeandika nini, kama ambavyo sikuwahi kumuuliza mtu kitu. Ningeweza kukwambia kwamba Jumatano nilikuwa nimekaa pembeni ya mama yako mashine zilipoanza kulia, kwamba nilijua papo hapo, kwamba nilikimbia hadi shimoni na goti hili nikafungua kwa mikono yangu. Yote ni kweli. Lakini ningekuwa wewe nami nisingeamini.

Jana nimekwenda kwa meneja. Nimesema yote, na la Kalamu. Alisikiliza kalamu imemkauka mkononi, kisha akaniambia niweke funguo na spana mezani, nikaweka. Nimeuliza Kalamu yuko wapi siku hizi, hakuna ajuaye. Wewe onyesha kamati barua zangu zote, na hii iwe ya kwanza. Usifute mstari wowote. Mashine yenu haikukosa, ilitii ilichoambiwa, na wewe uliandika ulichoambiwa na mjomba wako.

Dada nilimwambia Jumapili, kabla barua yako haijafika. Alikuwa amekaa kitandani na mito mitatu mgongoni. Aliuliza neno lilelile ulilouliza wewe, nami nikamjibu hivihivi. Akasema, "Nakuamini, mdogo wangu." Akanishika mkono kabisa.

Jumatatu nilifika kwake saa kumi na mbili kasoro, kama siku zote. Mlango ulikuwa na kufuli. Mpangaji wa chumba cha pili akaniambia ameshaondoka, amesindikizwa na jirani. Jumatano vilevile. Jana sikwenda.

Mjomba wako.